Mwenye wasiwasi ana haki ya kumchagua mtaalamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalopuuzwa tunapomhimiza ndugu mwenye wasiwasi uliopita kiasi akamwone mtaalamu, kana kwamba wataalamu wote ni sawa. Daktari wa magonjwa ya akili anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha, kwa kawaida, hutibu kwa mazungumzo. Na mazungumzo yenyewe yana aina zake. Tiba ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck wa Marekani alikuwa miongoni mwa waasisi wake katika miaka ya 1960, humfundisha mgonjwa kuipima hofu yake kwa ushahidi: anayeogopa kusema mbele ya watu, kwa mfano, hutakiwa kuuliza swali moja tu mkutanoni, kisha aandike alichotarajia kitokee na kile kilichotokea kweli.

Kwa hiyo si utovu wa adabu kumuuliza mtaalamu, katika kikao cha kwanza, amesomea nini, hutibu wasiwasi kwa njia gani na maendeleo yatapimwaje. Anayekasirishwa na maswali hayo, kwa maoni yangu, amekwisha kujibu.

Hata hivyo, tusichanganye ugumu wa tiba na ubaya wa mtaalamu, maana kuikabili hofu huchosha, na vikao vya mwanzo vinaweza kuwa vizito. Lakini mgonjwa anayedharauliwa, au ambaye siri zake hazitunzwi, na ahame bila kuomba radhi; na anayeona kwamba hawaelewani tu, aseme hivyo waziwazi, kwani mtaalamu mwaminifu atamwelekeza kwa mwenzake.

Wako,
Msomaji wa gazeti hili