Begi dogo la kamera: Jumamosi Longonot, Jumatatu kazini

Kabla hujaja kutafuta begi, panga vifaa vyako vyote mezani, kisha weka kando vile ambavyo hujavigusa mwezi mzima. Vinavyobaki ndivyo tutakavyovitafutia begi. Wateja wengi huanzia upande wa pili: wanapenda begi, wanalinunua, halafu wanalijaza kwa kuwa nafasi ipo. Mwenye begi la lita 35 hubeba vitu vya lita 35 hata siku anayokwenda Karura kupiga picha za ndege kwa saa mbili, na jioni anarudi mabega yakimuuma.

Uzito nao upimwe kwa mizani, usikisiwe. Canon EOS R50 pamoja na betri na kadi yake ni gramu 375. Ukiifunga ile lenzi ndogo ya milimita 18-45 unafika nusu kilo hivi. Sasa chukua Canon 5D Mark IV, gramu 890, uifunge lenzi kubwa ya kuvuta vitu vya mbali, 70-200 f/2.8 toleo la tatu, ambayo peke yake ni gramu 1,480 na ina urefu wa karibu sentimita 20. Hapo tayari ni zaidi ya kilo mbili na robo, na bado hujaweka maji wala chakula. Wenye kamera hizi mbili wote huja wakisema wanataka begi dogo, lakini hawawezi kutoka na begi moja.

Msimamo wetu ni huu: begi linalofaa mlima na mji ni lile ambalo kamera haichukui zaidi ya nusu yake. Nusu ya pili ni yako wewe. Mabegi mengi ya kamera yana sponji na vigawanyio kuanzia juu hadi chini, na yakifunguliwa hapa kaunta hupendeza kweli. Mlimani unagundua kwamba sweta haina pa kukaa. Unaifunga kiunoni, chupa ya maji unaishika mkononi, na mkono uliotakiwa kushika kamera hauko tena.

Kwa mwenye kamera moja na lenzi mbili, lita 15 hadi 18 zinatosha mjini. Akitaka begi lilelile limpandishe mlima wa siku moja, atafute kati ya lita 20 na 25, asizidi hapo. Na lebo isomwe kwa makini, kwa sababu mara nyingi lita zilizoandikwa ni za begi tupu. Sponji ikishaingia, nafasi kubwa imeliwa. Ndiyo maana tunapendelea begi la kawaida la kupandia milima lenye kisanduku cha sponji kinachotoka. Jumamosi kisanduku kinaingia na kamera zake. Jumatatu kinabaki kabatini, na begi linakuwa la laptopu na chakula cha mchana. Siku ukienda safari ndefu, unakihamishia kwenye begi kubwa bila kununua kingine.

Kisanduku kikae wapi? Kikae karibu na mgongo, usawa wa katikati. Vitu vizito vikikaa mbali na mgongo vinakuvuta nyuma, nawe unatembea umeinama bila kujua. Sweta na vitu vyepesi viende mbele au chini.

Tukija kwenye mkanda wa kiuno, hapa ndipo tunapobishana na wateja zaidi, kwa sababu mjini mkanda huo unaonekana hauna kazi. Mlimani ndio unaohamisha uzito kutoka mabegani kwenda kwenye nyonga. Ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Ufunge kwanza, kisha ndipo ukaze mikanda ya mabega, na mwisho ule mdogo wa kifuani. Mtu mfupi akivaa begi lenye mgongo mrefu, mkanda unamshukia mapajani na hausaidii kitu. Pima urefu wa mgongo wako kuanzia ule mfupa unaojitokeza shingoni ukiinamisha kichwa, hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Vipimo vya mgongo ndivyo vinavyochagua saizi. Urefu wako wote hausemi mengi. Na kama mkanda unaweza kutolewa au kufichwa kwenye mfuko wake, ni vizuri zaidi, hautanasa kwenye viti vya matatu.

Mkanda huo una kazi nyingine, nayo inatupeleka kwenye mlango wa begi. Tunapendekeza begi linalofunguka upande unaogusa mgongo. Likiwa limevaliwa, hakuna anayeweza kulifungua nyuma yako ukiwa kwenye msongamano wa River Road au unasubiri gari stendi. Na mlimani fanya hivi: acha mkanda wa kiuno umefungwa, toa mikono kwenye mikanda ya mabega, zungusha begi lije tumboni. Mlango sasa unakutazama, begi liko kama meza, na unabadilisha lenzi bila kuliweka kwenye tope. Vilima vya Ngong vinajulikana kwa upepo, ndiyo sababu mitambo ya umeme wa upepo imesimamishwa pale. Ukibadilisha lenzi huko, upe upepo mgongo na uelekeze tundu la kamera chini. Hata ukilazimika kulilaza begi chini, upande unaochafuka ni ule wa mbele, si unaogusa shati lako.

Begi lenye mlango wa ubavuni ni la haraka zaidi, hilo hatukatai, na anayepiga picha za barabarani hulipenda kwa sababu hiyo. Ila zipu yake iwe na kifungio cha pili. Ndani ya matatu, begi la aina yoyote lipakatwe. Kwenye boda boda, funga mkanda wa kifuani na uhakikishe hakuna mkanda unaoning'inia karibu na gurudumu. Na chagua begi lisilo na jina kubwa la kampuni ya kamera mgongoni. Begi la kijivu lisilo na maandishi hupita mjini bila kutazamwa mara mbili.

Longonot ina somo lake. Kilele kiko mita 2,776, na njia ya kuzunguka ukingo wa kreta ni karibu kilomita 7, kupanda na kushuka. Kuna sehemu utahitaji mikono yote miwili, kwa hiyo begi linalobembea ni hatari. Kinachoharibu mabegi huko ni vumbi, lile laini la majivu ya volkano linaloingia kwenye zipu. Ukirudi nyumbani, pitisha mswaki mkavu kwenye meno ya zipu, halafu sugua mshumaa juu yake. Zipu ikianza kufunguka nyuma ya kichwa chake, tazama kwa karibu: mara nyingi meno ni mazima, kichwa ndicho kilichopanuka kwa kusagwa na vumbi. Fundi hukibana kwa koleo, kidogo kila upande, au anaweka kichwa kipya. Usitupe begi kwa ajili hiyo.

Mfuko wa chupa uujaribu kwa chupa yako mwenyewe. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga za taifa, misitu na fukwe zinazohifadhiwa nchini, kwa hiyo utabeba chupa ya kujaza upya, na chupa ya lita moja ya chuma ni nene. Mifuko mingi ya pembeni haiimezi. Wengine huishia kuiweka ndani pamoja na kamera, jambo tunaloomba usilifanye kamwe, hata kifuniko kiwe kimekaza vipi.

Wanaolenga Mlima Kenya hutuuliza mabegi makubwa. Ukipanda na wapagazi, mzigo mkubwa uko kwao. Wewe unabeba begi la siku lenye maji, koti la mvua, sweta, vitafunio na kamera, na lita 25 zinatosha. Safari ya mwisho kwenda Point Lenana, mita 4,985, huanza usiku ili mapambazuko yakukute juu, na baridi hushuka chini ya sifuri. Betri za lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, si begini. Ile inayoonyesha imekwisha usiitupe mbali. Ikipata joto huweza kukupa picha chache zaidi. Ukiingia mahali penye joto, iache kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto polepole. Ukiitoa papo hapo, unyevu wa hewa unatanda kwenye kioo na hata ndani ya mwili wake.

Sasa mvua, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huturudishia mabegi mengi yaliyolowa. Kitambaa kinachohimili manyunyu si kitambaa kisichopitisha maji. Mvua ya Nairobi ya alasiri, ukiwa umesimama Ngara bila mwavuli, hupitia kwenye mishono na zipu, si kwenye kitambaa. Kifuniko cha mvua kinasaidia, ila kinafunika mbele na pembeni tu. Maji yanayotiririka shingoni hushuka kati ya mgongo wako na begi, na begi la mlango wa mgongoni lina zipu yake hapohapo. Kwa hiyo mbali na kifuniko, weka kisanduku cha kamera ndani ya mfuko mwepesi usiopitisha maji, ule unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa kwa kibano. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliyokuwa tukiitegemea zamani ilipigwa marufuku Agosti 2017, na hata hivyo ilikuwa ikitoboka.

Kisha begi likauke. Hili tunalisisitiza kuliko mengine yote. Lenzi iliyofungiwa kwenye sponji yenye unyevunyevu huota kuvu, nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo, na kuzisafisha ni gharama kubwa kuliko begi lenyewe. Ukifika nyumbani umelowa, toa kila kitu, fungua zipu zote, ning'iniza begi kivulini penye hewa. Jua kali hudhoofisha nailoni. Usilitie kwenye mashine ya kufulia; maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa vinatosha.

Wengi wenu mnanunua mabegi ya mitumba Gikomba na Toi, nasi hatuna ubaya na hilo, maana kuna mabegi mazuri sana kule. Geuza kitambaa upande wa ndani ukisugue kwa kidole. Kikinata au kikitoa unga mweupe, ule utando wa kuzuia maji umekufa na hakuna fundi anayeurudisha. Bonyeza sponji kwa dole gumba. Ikibaki na shimo, haitalinda kamera ikianguka. Vuta mikanda ya mabega kwa nguvu pale inaposhonwa juu. Zipu na vibano visikutishe, hivyo hubadilishwa.

Ukija kwetu, njoo na kamera yako, lenzi unayoitumia zaidi, laptopu kama huwa unaibeba, na chupa yako ikiwa imejaa maji, kwa sababu lita moja ni kilo moja na begi tupu halikuambii chochote. Tutalipakia mbele yako, ulivae, upande ngazi za jengo na kushuka. Jumamosi asubuhi tunakuwa na watu wengi wanaopitia dukani kabla ya kwenda milimani. Katikati ya wiki utapata nafasi ya kujaribu hata mabegi matatu bila haraka. Matengenezo ya zipu, vibano na mikanda tunapokea siku zote, hata kama begi hukulinunua hapa.