Chukueni fundo, mizaha tungeni wenyewe

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita ilidai kwamba kununua kichekesho cha televisheni kilichovuma ugenini na kukiigiza upya ni uvivu wa watunzi. Naafiki nusu. Uvivu upo, ila hauko kwenye kununua. Uko kwenye kutojua umenunua nini.

Mwaka 1962 BBC ilianza kuonyesha Steptoe and Son, habari za mzee na mwanawe, wauza vikorokoro wa London. Katika kipande cha kwanza mwana, ambaye ni mtu mzima, amechoshwa na baba. Anapakia vitu vyake kwenye mkokoteni ahame. Farasi hana, basi anauvuta mwenyewe. Anavuta, anavuta, hausogei. Anaangua kilio, na baba anamrudisha ndani taratibu. Hapo hakuna mzaha wa kutafsiri. Kuna fundo tu: watu wawili wasioweza kuishi pamoja wala kuachana.

Wamarekani Norman Lear na Bud Yorkin walilichukua fundo hilo, mengine wakayaacha. Mwaka 1972 Sanford and Son ikatokea kwenye televisheni ya NBC, familia ikiwa ya watu weusi wa Watts, Los Angeles, na mkokoteni ukiwa umegeuka pikapu kuukuu. Mzee aliigizwa na Redd Foxx, mchekeshaji wa jukwaani, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Sanford. Mhusika akapewa jina la ndugu yake, Fred. Mambo yakimzidi, Fred hujifanya moyo unamwua: hushika kifua, hupepesuka, hutazama juu na kumwambia marehemu mkewe, Elizabeth, kwamba yuko njiani. Mkokoteni usiosogea ukawa moyo usiougua. Mimi huo ndio naita utunzi, si uvivu.

Sasa tazameni The Office ya Marekani, mwaka 2005, kichekesho cha ofisi na bosi wake msumbufu kilichonunuliwa Uingereza. Kipande cha kwanza kilifuata mswada wa Waingereza karibu neno kwa neno, hadi stepla iliyozamishwa kwenye jeli. Nilivitazama vyote viwili jioni moja, na cha Marekani kilinifanya nimwonee huruma mwigizaji: alikuwa amevaa kiatu cha mwenzake. Kipande cha pili waliandika chao. Kuanzia msimu wa pili bosi akalainishwa, kwa sababu Waingereza walimvumilia wa kwao kwa vipande 12 na nyongeza ya Krismasi, ilhali Wamarekani walihitaji mtu wa kukaa naye miaka. Walifika vipande 201.

Kuna na waliobadilisha kisichobadilika. Fawlty Towers ya Uingereza, yenye mwenye hoteli, Basil, anayechukia wageni huku mkewe akimtawala, iligeuzwa Amanda's huko Marekani mwaka 1983, na Basil akafutwa kabisa. Ukimfuta Basil, umebaki na hoteli.

Ombi langu kwa wanaojadiliana kununua haki za vichekesho vya wengine: kabla ya kuita mtafsiri, simulieni kisa mezani bila mzaha hata mmoja. Halafu mmoja wenu aulize, "Kwa nini huyu asihame tu?" Jibu likiwa ni la kule kilikotoka tu, tafuteni la kwenu. Likikosekana, msisaini.

Mtazamaji wa siku nyingi