Mkiandika "majani ya kangaga", semeni kangaga lipi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie makala ya tiba asilia mliyoichapa hivi karibuni, iliyosema kangaga ni dawa ya minyoo na kwamba mtu achemshe majani yake, anywe asubuhi kabla ya kula chochote. Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Lushoto, na kangaga limeniulia ng'ombe.

Nilimwita Tumaini. Alikuwa ng'ombe wa bandani, hatoki kwenda malishoni. Mvua zikiwepo alikula majani ya gwatemala na ya tembo. Ikifika Januari na Februari, majani yakikauka, vijana walimkatia chochote kibichi kandokando ya msitu, na pale moto ulipopita kinachowahi kuchipua ni kangaga. Machipukizi yake huwa laini, yamejiviringa nchani kama mkia wa kinyonga. Tulimlisha hivyo misimu minne. Wa tano akaanza kukojoa mkojo wa rangi ya chai kavu, halafu damu yenyewe, na mabonge ndani yake. Bwana mifugo alidhani ni ugonjwa wa kupe, akamchoma sindano mara mbili. Lakini kupe hakuwa nao, wala homa; kila tukimpima, joto ni 38.6. Damu ilikatika wiki mbili, ikarudi. Alikonda, fizi zikawa nyeupe, nikaamua achinjwe. Kibofu kilipopasuliwa nilikuwepo. Ndani mlikuwa na vinundu vyekundu vilivyobanana kama tunda la forosadi.

Daktari wa mifugo aliyekuja kukagua nyama ndiye aliyenifumbua macho. Kangaga letu hili la kwenye maungulio, ambalo wataalamu huliita Pteridium, lina sumu iitwayo ptakuilosaidi. Wanakemia wa Japani waliitenga mwaka 1983. Inaharibu vinasaba vya chembe za mwili, na mnyama anayeila kidogo kidogo kwa miaka huota uvimbe wa saratani kwenye kibofu. Lina pia kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, ndiyo maana farasi wakilila huyumba na kuanguka. Tangu 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika orodha ya vitu vinavyoweza kumletea binadamu saratani. Na sumu hiyo hupita kwenye maziwa. Mhariri, nilikuwa nauza lita saba kila asubuhi kwa majirani zangu, wengine wana watoto wadogo. Jambo hili silisahau nikilala wala nikiamka.

Sikatai kwamba makangaga yana dawa. Liko kangaga la Ulaya, Dryopteris filix-mas, lililotibu minyoo aina ya tegu tangu zama za Wagiriki wa kale. Mwaka 1775 mfalme wa Ufaransa, Louis XVI, alimlipa mjane mmoja wa Uswisi livre (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) 18,000 ili atoe siri ya dawa yake ya tegu, na siri yenyewe ilikuwa unga wa shina la chini ya udongo la kangaga hilo. Kemikali zake humlegeza tegu, akaachia utumbo, kisha mgonjwa akapewa dawa ya kuharisha ili amtoe. Wazulu nao wana ndugu yake, Dryopteris athamantica, kwa kazi hiyohiyo. Lakini angalieni: ni shina, si majani, na kipimo kikizidi kidogo tu, mtu aliweza kupofuka. Waganga walionywa pia wasimpe mgonjwa mafuta ya nyonyo pamoja nayo, kwa sababu mafuta huingiza sumu kwenye damu. Na nani huku kwetu akitaka kuharisha hakimbilii mafuta ya nyonyo? Zilipopatikana dawa mpya za tegu, niklosamaidi na prazikwanteli, hospitali ziliiacha dawa hiyo.

Sasa msomaji wa kijijini akisoma "majani ya kangaga", atatoka nyuma ya nyumba achume lipi? Atachuma lililo karibu, na lililo karibu ni lile lililomuua Tumaini. Wajapani wanaokula machipukizi yake huyaloweka kwanza kwenye maji ya moto yenye majivu au magadi, maana ukali wa magadi huvunja sumu. Makala yenu ilisema chemsha tu, unywe maji. Maji hayohayo ndimo sumu inamoyeyukia.

Naomba mchape masahihisho, ukurasa uleule, yakiwa na jina la kitaalamu la mmea na picha yake, na muwaambie wafugaji wasiwakatie ng'ombe kangaga hata kiangazi kikikaza. Picha za hili letu ninazo kwenye simu, chipukizi na jani lililokomaa, pamoja na ya kile kibofu. Nitawatumia mkizitaka.

Mama mfugaji,
Lushoto, Tanga