Risala ya Wahitimu wa Fani ya Upishi kwa Mgeni Rasmi Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo, walimu na wakufunzi wetu,
Wazazi, wageni waalikwa na wanachuo wenzetu,

Assalaam aleikum.

Kwa niaba ya wanachuo wanaohitimu leo, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kujumuika nasi hapa Unguja, siku ambayo chakula chote kitakachokuwa mezani kimepikwa na mikono ya wahitimu. Hatutakuchosha kwa historia ndefu ya chuo. Tunayo hoja moja tunayotaka kuiweka mbele yako, nayo ni kwamba mpishi wa visiwa hivi hakamiliki mpaka afundishwe kwa kufuata majira ya visiwa hivi, na tungependa ratiba nzima ya mafunzo yetu ipangwe kwa msingi huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, siku yetu huanza baada ya sala ya alfajiri, pale kundi lenye zamu linapofuatana na mwalimu kwenda diko la Malindi, wanaposhushia samaki wavuvi, na soko la Darajani. Huko ndiko tulikojifunza kuuliza kwanza mwezi umefikia siku ya ngapi kabla ya kuandika orodha ya vyakula. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, kwa hiyo mbalamwezi inapong'aa samaki hawakusanyiki kwenye mwanga na vyombo vingi hubaki pwani. Anayetaka dagaa wabichi husubiri usiku wa giza. Pweza naye hutafutwa zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba ikabaki wazi. Upepo wa kusi unapokaza, wenye vyombo vidogo hawathubutu kwenda mbali, na bei ya nguru na jodari hubadilika siku hiyo hiyo. Mambo haya hayamo katika vitabu tunavyosomea, lakini ndiyo yanayoamua nini kitaingia jikoni.

Darasani tumefundishwa mengi ambayo mpishi wa hoteli yoyote duniani hana budi kuyajua. Tumejifunza michuzi mitano ya msingi ya Kifaransa, ukataji wa mboga kwa vipimo na kanuni za usalama wa chakula, ikiwemo ile ya kutoruhusu chakula cha moto kishuke chini ya nyuzi joto 63 wala cha baridi kipande juu ya nyuzi 5. Tunawashukuru walimu wetu kwa hayo, kwa kuwa ndiyo yanayotufungulia milango ya ajira. Hata hivyo, somo lililotukaa zaidi tulilipata kwa bibi mmoja kutoka shamba, aliyealikwa na chuo kutufundisha mapishi ya nazi. Alituketisha kwenye mbuzi tukakuna, akatuonyesha namna ya kukamua kwa kifumbu, kile kikapu kidogo cha kuchujia tui, akaliweka kando tui la kwanza. Shelisheli liliiva kwa tui la pili. Tui zito liliingia mwisho kabisa, moto ukiwa umepunguzwa, na upawa ukawa unachota na kumimina bila kusimama mpaka tui lilipochemka, ili lisikatike. Tulipomuuliza ni dakika ngapi, alituambia tulitazame tui. Wengi wetu tulizaliwa katika nyumba zinazopika kwa nazi kila siku, na bado ilikuwa mara ya kwanza kwetu kuona kazi hiyo ikifundishwa kwa heshima ile ile inayopewa michuzi ya Ufaransa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, embe huanza kujaa sokoni Novemba na huendelea hadi Februari: dodo, boribo, muyuni na sikio la punda. Msimu unapofika kileleni bei huanguka, na mengine huoza chini ya miembe. Miezi michache baadaye mgeni wa hoteli huletewa juisi ya embe ya pakiti iliyotoka nchi za nje. Jambo hili linatuuma. Kundi letu lilinunua maembe mabichi, tukayakata vipande, tukayatia chumvi na kuyaanika juani, kisha tukayaweka katika siki pamoja na pilipili, thomu na bizari. Achari mtakayoikuta mezani leo ni hiyo.

Mwezi wa Ramadhani nao umetufundisha jambo kubwa. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko ule wa kalenda ya kawaida, mwezi huo huzunguka majira yote. Mwaka 2015 Ramadhani ilianza Juni, kusi ikivuma na machungwa yakiingia sokoni kwa wingi. Mwaka 2025 ilianza Machi, masika ikikaribia. Na mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili, Januari na Desemba, yote miezi ya embe. Muhogo, majimbi na ndizi za futari zitakuwepo, lakini matunda, samaki na bei zake havitakuwa vile vile, hivyo mpishi aliyekaririshwa orodha moja ya futari atajikuta ananunua kwa bei ghali kilicho haba na kukiacha kilicho tele.

Changamoto yetu kubwa inatokana na majira hayo hayo. Mafunzo kwa vitendo hupangwa Aprili na Mei, wakati wa mvua za masika, ambapo wageni ni wachache na hoteli nyingi za mwambao hufunga au hupunguza wafanyakazi. Wenzetu wengine wamemaliza kipindi chao wakisafisha stoo, bila kuwahi kusimama jikoni saa ya chakula cha jioni chenye wageni wengi. Tunaomba, kwa heshima zote, utusaidie kuwashawishi wahusika ili kipindi hicho kihamishiwe Julai na Agosti, nasi tuwe darasani wakati wa masika.

Tunaomba pia chumba cha baridi na kaushio la jua, ili mavuno ya msimu wa embe yahifadhiwe na kutumika kufundishia miezi mingine. Na tunaomba fungu dogo la fedha la kuwalipa wapishi wa mitaani na wa shamba, kina mama wa mikate ya kumimina na wapishi wa pilau za harusi, waje kutufundisha kama wakufunzi wanaotambulika, maana hadi sasa huja kwa hisani tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii tunakukaribisha jikoni kwetu uzungumze na wahitimu kabla ya chakula, na tunaomba ridhaa yako tukukabidhi nakala yake.

Ahsante kwa kutusikiliza. Tunaomba kuwasilisha.