Mzigo wa Kizilcik

Bolu, Uturuki
Mwishoni mwa Septemba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na za mama zaidi. Ujumbe wako nimeupata pamoja na ile picha inayozunguka kwenye kundi la ukoo wenu: bakuli la matunda mekundu, na chini yake maandishi kwamba tunda hili la Waturuki linamaliza kisukari. Unaniomba kilo mbili za kumpa mama yako, mwenye kisukari. Nitatuma kitu, ila nisome kwanza mpaka mwisho, maana mzigo utakaokufikia sio ule uliouagiza.

Tunda lenyewe si utapeli. Huku wanaliita kizilcik, na wataalamu wa mimea huuita mti wake Cornus mas. Ni kichaka, kikiachwa kinakuwa mti mdogo. Maua yake ya njano hutoka Februari na Machi, kabla jani halijachipua, huku baridi ikiwa bado inauma. Kiangazi chote matunda yanaachwa mtini, na kuanzia mwisho wa Agosti ndipo yanapoiva. Sasa hivi sokoni ndiyo msimu wake, kina mama wa vijijini wanashuka nayo kwa ndoo.

Ni tunda dogo, urefu kama sentimita mbili, ngozi inang'aa, na ndani kokwa moja ndefu. Usidanganyike na wekundu. Likiwa jekundu la kung'aa tu, ukakasi wake ni kama wa bibo bichi: ulimi unakauka, meno yanakufa ganzi. La kula ni lile lililokolea hadi karibu na weusi, limelainika, na likiguswa tu linadondoka. Kwa hiyo wavunaji wengi hawachumi, wanatandika shuka chini ya mti na kutikisa matawi.

Mama mwenye nyumba wangu hutengeneza tarhana yake, yaani chenga kavu za kupikia supu. Anayachemsha kwa maji kidogo mpaka ngozi zipasuke, anayamimina kwenye chujio la matundu makubwa, kisha anasukuma kwa kiganja. Hapo ndipo pana kazi, maana nyama ya tunda imeng'ang'ania kokwa, na bila kusugua kweli nusu yake inatupwa. Ule uji mzito mwekundu anaukanda na unga wa ngano na chumvi, anautandaza vipande vipande juu ya kitambaa, na ukikaribia kukauka anaufikicha uwe chenga. Wakati wa baridi anakoroga chenga hizo kwenye maji ya moto, inatoka supu nyekundu yenye ugwadu. Mtu akipata mafua au tumbo likimwendesha, supu hii ndiyo ya kwanza kutajwa.

Kwa tumbo nawaamini. Hapa na kule Kaukasi kizilcik ni dawa ya kuharisha ya tangu zamani, na sababu yake inaeleweka: tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi, zile zile zinazokaza ulimi ndizo zinazokaza na utumbo. Wachina nao wana ndugu yake, Cornus officinalis, wanatoa kokwa, wanakausha nyama yake na kuitia kwenye dawa zao za asili za figo na ini.

Kuhusu sukari, kipo kitu, lakini ni kidogo kuliko kelele zake. Mwaka 2015 watafiti wa Iran walichapisha jaribio la wagonjwa 60 wa kisukari aina ya pili, kwa wiki 6, na kipimo cha sukari ya muda mrefu kilishuka kwa waliopewa tunda hili. Lakini walipewa dondoo ndani ya vidonge, kwa kipimo maalumu. Hawakupewa jamu. Na jamu ndiyo inayouzwa kila kona huku, kwa sababu tunda hili bila sukari nyingi watu hawalimezi. Sasa niambie, shoga, nimtumie mwenye kisukari chupa ya sukari iliyopakwa rangi nyekundu? Aliyeandika yale maneno chini ya picha anauza, hauguzi.

Waturuki wana msemo juu ya mtu anayeficha shida zake: anatapika damu, akiulizwa anasema amekunywa sharubati ya kizilcik. Niliposikia nilimkumbuka mama yako. Alivimba miguu mwezi mzima akituambia ni uchovu wa msibani. Ndiyo maana naogopa akipata "dawa ya Uturuki" atainywa kimya kimya na vidonge vyake ataviweka kabatini.

Mwambie baba, atacheka, kwamba mti huu ndio bakora ya walimu wa Kituruki wa zamani. Mbao yake ni nzito hadi inazama majini. Xenophon, yule Mgiriki wa kale, aliwashauri wapanda farasi wabebe mikuki miwili ya mti huu. Na sisi tunaye ndugu yake nyumbani, Cornus volkensii, katika misitu ya Kilimanjaro, ambaye miti yake ya kiume na ya kike ni mbalimbali. Lakini usimtume mtu kwenda kumtafuta, sifa za huyu wa Uturuki si zake.

Basi nitakachotuma ni matunda makavu yasiyotiwa sukari, ya kuchemsha na kunywa kikombe kimoja, na tarhana kidogo. Tarhana ina ngano, kwa hiyo akinywa bakuli, ugali upungue. Vidonge haviguswi. Na kabla hajaanza aseme kliniki, kwa mdomo wake, wewe ukiwa umekaa pembeni.

Nipigie picha ukurasa wa mwisho wa daftari lake la kliniki, pale penye vipimo, na unitajie dawa anazotumia. Mtoto wa mjomba anarudi Dar mwezi ujao na begi lake lina nafasi, lakini simpi mzigo mpaka nione huo ukurasa.

Wasalaam,
Shoga yako