Kwa walimu vijana: jedwali lenu nimeliona

Wanangu walimu,

Nimepita chumba cha walimu nikaliona jedwali la wastani wa alama za wanafunzi, kundi kwa kundi, mlilobandika baada ya matokeo ya mtihani. Wavulana na safu yao, wasichana na yao. Wa bweni, wa kutwa. Waliozaliwa na wazazi wasomi na ambao wazazi wao hawakuiona sekondari. Kazi nzuri, hongereni. Kilichonikera ni sauti niliyoisikia mbele yake: "Hawa ndivyo walivyo."

Neno hilo ni la zamani. Mwaka 1966, huko Marekani, mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa ripoti iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 600,000, wakaona alama zinafungamana na hali ya nyumbani kuliko na vifaa vya shule. Wengi waliishia hapo, wakakunja mikono. Lakini mwaka 1983 watafiti Heyneman na Loxley walilinganisha nchi 29, tajiri na maskini, wakakuta kadiri nchi ilivyo maskini ndivyo ubora wa shule na mwalimu unavyozidi kuamua matokeo. Wao walipima shule za msingi, najua. Hata hivyo, mwalimu wa sekondari asijifanye hayamhusu.

Nami niliwahi kuwa mtu wa "ndivyo walivyo". Wa kutwa walikuwa wakianguka hisabati kila muhula, nikawaita wavivu. Siku moja, nikiwa zamu, nikafungua daftari la mahudhurio badala ya lile la alama. Hisabati ilikuwa kipindi cha kwanza, na nusu ya wa kutwa walikuwa wakifika kipindi kikielekea kwisha, vumbi hadi magotini. Tukaisogeza hisabati hadi kipindi cha tatu. Sitawadanganya kwamba wote walifaulu. Pengo lilipungua, haya zikanishika.

Haya nyingine nilipewa na mwenzangu aliyekaa nyuma ya darasa langu na kalamu. Mtoto wa msomi nikimwuliza swali, namsubiri. Yule mwingine, kabla hajafungua mdomo, nimeshamrukia jirani yake. Mtafiti Mary Budd Rowe alilipima jambo hili miaka ya 1970: kwa kawaida mwalimu husubiri jibu kwa takribani sekunde moja tu, akisubiri tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanaonyamaza huanza kusema. Sekunde mbili za nyongeza, wala hazihitaji bajeti.

Na wastani, jamani, msiuamini kupita kiasi. Kwenye safu yenye wanafunzi wanne, mmoja akiugua siku ya mtihani, "kundi zima limeshuka". Tena ndani ya safu ya wasichana mna anayewapita wavulana wote wa darasa lake. Mtu akimsomea wastani wa wasichana wenzake, anamwibia.

Jedwali liacheni ukutani. Ongezeni tu safu nyingine: vipindi alivyokosa, mwendo anaotembea asubuhi, lugha anayozungumza nyumbani, kazi zinazomngoja jioni. Elimu ya mzazi hamwezi kuibadili muhula huu, lakini ratiba mnaiandika ninyi wenyewe. Anzeni na yule anayesinzia dirishani kipindi cha pili. Kabla hamjamsimamisha, mwulizeni ameamka saa ngapi.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu