Kwa Baba Rehema, kuhusu ile Safari ya 1978

Ndugu yangu Baba Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi sote tu wazima, ila Mama Njeri na magoti yake, unamjua, mvua ikianza tu hatulali. Najua nimenyamaza tangu siku ya mazishi. Nawe umenyamaza. Tuliache hilo, tutalizungumza tukionana.

Nimeandika kwa sababu ya mjukuu wangu, yule mkubwa. Ana miaka kumi na tisa sasa, na huu ni mwaka wake wa tatu akiwa kedi, akiwabebea wachezaji wa gofu mifuko ya fimbo. Jumatatu, siku ya makedi, anacheza mwenyewe, na nakuapia nimemtazama kwa macho yangu: mkono anao. Mwalimu wake anamtaka ajaribu mashindano yale yanayotoa nafasi za kuingia Kenya Open, mashindano makubwa ya gofu ya nchi yetu. Jumapili iliyopita akaja, akaniwekea fimbo zake kwenye kona ya sebule, akasema, "Guka, nimeacha. Gofu ni ya wenye magari."

Sikupata usingizi. Nilikaa nikaukumbuka ule mwaka wa 1978.

Unakumbuka tulivyotoroka shule? Mzee Kenyatta alikuwa bado hai, na sisi tulikuwa tunapita njia ya mkato tukiwa hatuna hata viatu, tuwahi Kenya Open kwenye uwanja wa gofu wa Muthaiga kabla mifuko haijagawanywa. Wachezaji walikuwa wametoka Ulaya kukwepa baridi ya kwao, wanazunguka Afrika tangu Nigeria mpaka Zambia, na mzunguko wote wakauita Safari, neno letu. Mimi nilimbebea yule mrefu ambaye baada ya raundi ya pili alikatwa, yaani alitolewa mashindanoni kwa alama mbaya, akaondoka na hakunilipa hata senti. Nililia nyuma ya jiko la makedi. Wewe ukanigawia mandazi yako mawili, na ukasema tukae mpaka Jumapili tuone nani atashinda, maana pesa zimeshapotea lakini kutazama ni bure.

Akashinda yule Mhispania. Seve Ballesteros. Kijana wa miaka ishirini tu, hajatimiza hata ishirini na moja!

Jambo linalonichoma, Baba Rehema, ni kwamba tulisimama pale kwenye kamba tukimwona kama mtu aliyeshuka kutoka mbinguni. Tulidhani amezaliwa kwa matajiri, kwa baba mwenye uwanja wake nyuma ya nyumba. Mimi nimekuja kujua ukweli Mei 2011, alipofariki, redio ikasimulia maisha yake. Alikuwa kedi. Kedi kama sisi! Alikulia Pedreña, kijiji cha pwani kaskazini mwa Hispania, na fimbo yake ya kwanza ilikuwa moja tu, chuma namba tatu aliyopewa na kaka yake. Akaipigia mipira ufuoni, kwenye mchanga, kwa sababu uwanjani hakuruhusiwa kucheza. Usiku akawa anaingia kwa kuiba.

Sasa kumbuka kile kichwa cha chuma tulichookota, tukakitia mpini wa mti wa mpera. Kumbuka tulivyokimbizwa na askari tukicheza gizani kule upande wa msitu. Ni maisha yaleyale. Alikuwa hatua kumi mbele yetu na hatukujua. Tungalijua siku ile, sijui. Labda mimi nisingeuacha mpini ule. Sisemi ningekuwa yeye, lakini ningejaribu miaka miwili mitatu zaidi kabla ya kwenda kuuza mitumba.

Na si yeye peke yake msimu ule. Kule Nigeria alishinda Sandy Lyle, Mskoti, naye wa miaka ishirini, ndio kwanza ameanza kucheza kwa kulipwa. Raundi zake mbili za kwanza zilikuwa 61 na 65, tena kwenye grini, zile sehemu zenye shimo, zisizo na majani, za mchanga uliochanganywa na mafuta. Hebu fikiria. Msimu mmoja wa Afrika ukawatoa vijana wawili ambao baadaye, ukiwajumlisha, walichukua Open ya Uingereza mara nne na Masters ya Marekani mara tatu, mashindano makubwa kabisa ya gofu duniani. Seve mwenyewe hakungoja: Aprili ya mwaka huohuo alishinda mashindano ya Greensboro kule Marekani, na mwaka uliofuata akachukua Open yake ya kwanza. Walipitia kwetu kwanza. Seve alikanyaga nyasi ambazo sisi tulizifukia mashimo kwa mikono.

Nimemwambia kijana yote haya. Ananisikiliza kwa adabu, kisha anauliza swali moja: "Na Mkenya je?" Hapo nakwama. Kenya Open inachezwa tangu 1967 na hakuna mtoto wa nchi hii aliyeichukua. Nikamtajia Jacob Okello, 1998, alivyofika mpaka mashimo ya kuamua mshindi na Ricardo González wa Argentina, akashindwa hapo mlangoni. Akanijibu, "Unaona, Guka?" Mimi naona kinyume chake. Naona mlango ulikuwa wazi kiasi cha kupitisha bega. Lakini maneno ya babu mmoja hayatoshi, anadhani napamba.

Ndiyo maana nakuomba uje. Wewe ulikuwepo, na wewe hujui kupamba. Njoo na ile beji ya kedi ya wiki ile, nilipokuja Kilifi mwaka wa msiba wa shemeji nilikuona umeitundika juu ya redio. Nataka aishike mkononi. Nauli ya treni nitakutumia kwa M-Pesa, usianze kubishana. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi na fimbo zake bado ziko hapa kwenye kona, sijamruhusu mtu kuzigusa.

Je, unaweza kuondoka wiki ijayo, au bado unamuuguza mama? Beji ipo, haijaliwa na mchwa? Unakumbuka siku ile ya Jumapili tulisimama shimo gani, maana mimi nasema la kumi na nane na mwenzetu Fundi anabisha kwamba tulifukuzwa huko? Na kile kichwa cha chuma, nani alibaki nacho, ni wewe au ni yeye? Rehema amejifungua?

Nijibu upesi, hata kwa simu ya jirani.

Wako,
Baba Njeri